Simba kameza kimpira

Haya wadau, mwenzenu nimerudi. Najua nilipotea kama wiki mbili hivi, na wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko (bado). Nilikuwa nauguza mbwa. Ndiyo, mbwa. Cheka kwanza, ukimaliza kaa nikusimulie, maana katika hizo wiki mbili nimejifunza habari za utumbo kuliko yote niliyosoma darasani muhula huu, na pia nimesema uongo mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka masikio yanawaka moto.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mwaka huu sikubahatika hosteli. Nimepanga chumba cha uani hapa Morogoro kwa mama mmoja mjane, mimi na mshkaji wangu ambaye chuo kizima kinamwita Mpemba kwa sababu ndiko alikotoka. Mama mwenye nyumba ni mtu wa roho nzuri kupita kiasi. Kodi ikichelewa kwa sababu bumu halijaingia, hatugongei mlango, anapita tu dirishani anakohoa. Na ana mbwa, Simba, koko wa rangi ya udongo mwenye sikio moja lililolala. Huyo Simba aliletwa na marehemu mzee akiwa mdogo wa kubebwa mfukoni mwa koti. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukimwona mama anamkatia Simba kipande cha nyama kikubwa kuliko cha wageni, unanyamaza.

Sasa, Ijumaa moja mama alipata msiba Moshi, shemeji yake. Akapanda basi la alfajiri, akaniachia ufunguo, dagaa kwenye kopo, unga wa dona, na maneno haya: "Mwanangu, nyumba hata ikiungua tutajenga. Niangalizie Simba." Nikamwambia mama nenda kwa amani, Simba yuko mikononi salama.

Mikono yenyewe ndiyo hii.

Ijumaa jioni ilikuwa raha tu. Tulikaa ugani tukatafuna mahindi ya kuchoma, Simba yuko miguuni, Uluguru imefunikwa na wingu, maisha bomba. Jumamosi ndipo nilipoanza kupiga msuli kwa sababu Jumatatu saa 2 asubuhi tulikuwa na tesiti ya takwimu, na mimi na takwimu tunasalimiana kwa mbali. Tatizo, Simba alikuwa anamtafuta mama. Analia, anakwaruza mlango, analia tena. Nikakumbuka kwamba binti yake mama, dada anayefanya kazi Dar, alikuwa amemletea Simba zawadi: mfupa wa mpira, wa bluu, ule wa mbwa kutafuna. Mama aliuweka kabatini akasema vitu vya kizungu hivi mbwa wa Kihonda atavijulia wapi. Nikautoa, nikamtupia. Kimya! Nikasema kumbe dawa ndiyo hii, nikarudi kwenye daftari.

Masaa mawili baadaye natoka kwenda chooni, naukuta mfupa uko mlangoni, lakini una kichwa kimoja. Kile kingine hakipo.

Nilichukua tochi nikapekua uwanja mzima. Nilipekua mpaka kwenye mchicha wa mama. Nilipata vijipande viwili vidogo kama punje za maharage, basi. Mpemba akaja, tukakaa chini tukajaribu kuunganisha vile vipande na ule mfupa kama watu wanaounganisha sahani iliyovunjika, tukaona pengo lililobaki ni kama dole gumba langu. Simba mwenyewe amekaa pembeni anatuangalia, anatikisa mkia.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Jirani wa kwanza alisema mpe mafuta ya kula, kitateleza. Wa pili, mzee wa heshima kabisa, akasema mafuta ya taa. Wa tatu akasema chumvi, vijiko vinne kwenye maji ya uvuguvugu, unamkinga mdomo, unamimina, anatapika chote. Hiyo ya chumvi iliniingia akilini kwa sababu hata mtandaoni niliikuta imeandikwa. Nikakoroga. Kikombe kiko mkononi, Mpemba kashika tochi, ndipo nikapata wazo la kumpigia Dokta.

Dokta si dokta bado. Ni dada mmoja yuko mwaka wa nne udaktari wa mifugo, tulisoma naye sekondari. Nikamweleza haraka haraka, nikamwambia na chumvi nimeshakoroga, nianze na kiasi gani?

Akasema, "Weka kikombe chini."

Nikaanza kueleza.

"Nimesema weka kikombe chini kwanza, tutaongea."

Nikaweka. Akaniambia kwamba chumvi nyingi inaingia kwenye damu ya mbwa, inavuta maji kutoka kwenye ubongo, mbwa anaanza kutetemeka, anapata degedege, na anaweza kufa hata kama kile kimpira kisingemdhuru kabisa. Mafuta ya kula nayo yakimiminwa kwa nguvu yanaweza kuingia mapafuni. Mafuta ya taa hata hakuyajibu, aliguna tu. Nikamuuliza kuhusu ile dawa ya kusafishia vidonda, haidrojeni peroksaidi, maana nayo niliisoma mtandaoni. Akasema hiyo wapo madaktari wanaoielekeza, ila ni daktari mwenyewe aseme, kwa kipimo cha uzito wa mbwa, ile ya asilimia 3 tu, na mara nyingi ndani ya masaa mawili hivi ya kumeza. Inachubua tumbo. Na si kila kitu kinatapishwa. Kitu chenye ncha au kigumu chenye kona kinaweza kushuka salama lakini wakati wa kupanda kikanasa kooni, na hapo umejitafutia balaa kubwa kuliko la kwanza.

Halafu akaanza maswali, na naandika hapa jinsi alivyouliza kwa sababu najua wengi wenu majumbani mna mbwa. Anapumua vizuri? (Anapumua.) Udenda unamtoka sana, anajikwaruza mdomo, anakohoa kama kitu kimemkwama? (Hapana.) Fumbua mdomo uangalie kwa tochi, kama kuna kitu kinaonekana karibu kitoe, ila usichokonoe kwa kidole kitu usichokiona, utakisukuma ndani. (Hakuna kitu.) Ufizi una rangi gani? Ukiubonyeza unakuwa mweupe, halafu wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili? (Unarudi.) Ana kilo ngapi? (Sijui, ukimbeba unachoka.) Hicho kitu kina kamba, uzi, waya, sumaku, betri? Hapo nikasema ni mpira mtupu. Akashusha pumzi. Betri ni dharura ya saa hiyohiyo, inaunguza umio kabla hujamaliza kutafuta usafiri. Na uzi au kamba, akasema, hata ukiuona unaning'inia nyuma ya mbwa usiuvute, kwa sababu huku nje unavuta uzi na kule ndani unakata utumbo kama mtu anayekata sabuni. Mfano huo ulinikaa vibaya, sabuni ya mche nilikuwa nimetoka kuikata mchana wake kwa uzi.

Akaongea na daktari wa zamu akanirudia. Ulikuwa usiku, zile saa mbili za kutapisha zilikuwa zimepita au zinapita, Simba anaonekana mzima, mpira ni laini. Ushauri ukawa: vitu kama hivyo vingi hutoka vyenyewe ndani ya siku moja au mbili, vingine hukaa tumboni siku nyingi zaidi. Mpe chakula chake cha kawaida kidogo kidogo, maji yawepo, asikimbizwe, asipewe dawa yoyote ya kuharisha wala dawa ya maumivu ya binadamu (diclofenac na ibuprofen zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo). Kila akijisaidia, chunguza. Na akianza kutapika, akikataa kula, tumbo likimuuma, akinyong'onyea au akishindwa kujisaidia, usisubiri asubuhi. Vile vipande vilivyobaki tunza, usitupe, daktari atataka kuona kilichopungua.

"Na mwenye mbwa anajua?" Dokta akauliza mwishoni.

Nikasema nitampigia.

Jumapili. Simba kaamka na njaa, kala ugali na dagaa kamaliza. Mimi na kijiti nyuma yake kama askari wa kanzu. Mara ya kwanza alipojisaidia, Mpemba alisimama umbali wa mita kumi akinimulikia tochi mchana kweupe, anauliza, "Kimo?" Hakimo. Nieleze kidogo hapa. Mpemba anaogopa mbwa kama sisi tunavyoogopa sapu, lakini si uoga tu. Kwa madhehebu yao ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, yakikugusa unaosha mara saba, na mara moja wapo iwe na udongo. Ndiyo maana tangu tuhamie pale yeye na Simba walikuwa na mkataba wao, huyu upande huu wa uwanja, yule upande ule.

Saa kumi jioni mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Tumezika jana salama. Simba wangu anaendeleaje?"

Na mimi, mtu mzima, nimebakiza miaka miwili niitwe msomi, nikasema, "Hajambo kabisa mama, huyu hapa anacheza."

Nilijiambia kwamba simtaki apate presha akiwa msibani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa. Nilipiga hesabu: kimpira kikitoka usiku huu, hakuna atakayejua kamwe. Akaniombea dua za masomo, akakata simu. Simba kweli alikuwa mbele yangu anacheza na kifuniko cha ndoo. Nikakichukua haraka sana.

Jumatatu saa kumi alfajiri nilisikia sauti ile ya mbwa anayetaka kutapika, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Katapika ugali wa jana. Baada ya nusu saa katapika tena, maji ya njano. Nikamsogezea dagaa. Simba akaziangalia zile dagaa, akageuza uso. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ile sura. Halafu akafanya kitu cha ajabu, akashusha miguu ya mbele na kifua mpaka chini, makalio yamebaki juu, akakaa hivyo hivyo. Nilidhani anajinyoosha. Dokta nilipomwelezea akasema huo ni mkao wa mbwa anayeumwa tumbo, mlete sasa hivi.

Sasa hivi ilikuwa saa moja kasoro na tesiti ni saa mbili.

Sitajipaka mafuta hapa. Nilisimama mlangoni na daftari mkononi, nikamwangalia Simba, nikaangalia saa. Mpemba hana somo lile. Akaniambia, "Wewe nenda, mimi namchukua." Nikamwambia wewe huwezi hata kumgusa. Akasema, "Udongo upo, maji yapo. Nenda."

Akatandika gunia, akamfunika Simba kwa khanga kuukuu ya kupigia deki, akambeba kifuani. Nilitaka kumfunga Simba mdomo kwa kitambaa maana mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayempenda, nikakumbuka Dokta alisema mbwa anayetapika hafungwi mdomo, atapaliwa na matapishi. Basi Mpemba akambeba hivyo hivyo mdomo wazi, udenda unamchuruzikia shati zima. Bajaji ya kwanza ikamkataa, ya pili ikamkataa, ya tatu ikataka hela mara mbili. Mimi nikaenda kwenye tesiti. Niliandika jina langu vizuri sana. Mengine niliyoandika siyajui.

Nilipofika hospitali ya wanyama saa nne, Simba alikuwa juu ya meza, kapimwa kilo 18, yuko kwenye dripu, kanyolewa kipande cha mkono kama askari jela. Daktari, mwalimu wa kina Dokta, alikuwa amemminya tumbo taratibu akakuta sehemu Simba anakaza misuli na kulia. Wakapiga picha ya eksirei. Nilitegemea nitauona ule mpira wa bluu pale kama kwenye sinema. Wapi! Daktari akanielewesha kwamba mfupa na chuma vinaonekana wazi, lakini mpira, plastiki, nguo na mbao mara nyingi havionekani vizuri, kwa hiyo wao wanaangalia ushahidi wa pembeni. Akanionyesha utumbo mwembamba, sehemu moja umevimba kwa hewa kama tairi la baiskeli, mbele yake umesinyaa. Kati ya palipovimba na paliposinyaa ndipo kizibo kilipo. Wakahakikisha na utrasaundi.

Akaeleza na kwa nini haraka. Kitu kikikwama, ule utumbo hausimami, unaendelea kusukuma na kusukuma, chakula na maji vinajaa nyuma yake, ukuta unatanuka mpaka damu haipiti. Pasipopita damu panakufa. Palipokufa panatoboka, na uchafu ukimwagika ndani ya tumbo, hapo mbwa wengi hawaponi hata wakifanyiwa upasuaji. Simba alikuwa bado hajafika huko, lakini hakuna aliyejua zimebaki saa ngapi.

"Tunahitaji idhini ya mwenye mbwa," akasema. "Ni wewe?"

Wadau, ile simu ilikuwa nzito kuliko mbwa mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya jengo. Mama alipokea kwa furaha kabisa, akadhani nampa taarifa za tesiti. Nikamwambia mama, jana nilikudanganya. Simba kameza kipande cha ule mfupa wa mpira tangu Jumamosi usiku, sasa umekwama, anatakiwa kupasuliwa leo, anaweza asiamke kwenye nusu kaputi, na asipopasuliwa atakufa.

Kimya. Nasikia watu wa msibani wanaongea Kichagga nyuma yake.

"Tangu Jumamosi?"

"Ndiyo mama."

"Na jana ulisema anacheza."

"Ndiyo mama."

Akanyamaza tena. Halafu akasema, "Mwambie daktari apasue. Nipe niongee naye." Aliongea na daktari, na mimi hakuniambia neno jingine. Hela ya mwanzo tulichangishana, bumu lilikuwa bado, washkaji wa block ile ya zamani walitoa elfu mbili mbili na mwingine alitoa mia tano na maelezo marefu. Mungu awabariki wote, hata wa mia tano.

Mimi sikuingia chumba cha upasuaji, Dokta ndiye aliyeingia kusaidia. Mpemba alikuwa bombani nyuma ya jengo, kavua shati, anajiosha mikono na kifua, anahesabu kwa sauti. Alifika sita akasahau kama ya udongo ameshafanya, akaanza upya.

Baada ya saa moja na nusu hivi Dokta akatoka na kikopo cha plastiki. Anacheka lakini si kicheko cha furaha. Utumbo ulikuwa mwekundu wa kuiva, akasema, lakini hai, haukukatwa kipande, ulichanwa tu, ukatolewa kitu, ukashonwa. Ndani ya kile kikopo, kimpira cha bluu kilikuwepo, laini kabisa, kimetulia. Na mbele yake kulikuwa na kipande cha gunzi la mahindi, urefu kama kiberiti.

"Mpira wako ulikuwa nyuma kwenye foleni," Dokta akasema. "Aliyefunga barabara ni huyu."

Nikakiangalia kile kipande cha gunzi. Ijumaa jioni. Mahindi ya kuchoma. Nilimaliza langu, nikamtupia Simba gunzi alambe, akaenda nalo nyuma ya nyumba, nikaona raha. Hata halikunipitia akilini siku zote tatu, kwa sababu gunzi si kitu, gunzi kila mtu anatupa, mbwa wote wa mtaa wanatembea nalo mdomoni. Dokta akasema kwao magunzi ni wateja wa kudumu. Hayameng'enywi, ni makavu yanakwaruza, yana upana ule ule wa kuziba utumbo wa mbwa wa wastani, yanaweza kukaa tumboni siku kadhaa bila dalili ndipo yateremke na kunasa. Kokwa za embe nazo msimu ukifika. Mfupa wa mpira wa dukani angalau unauzwa kwa ajili ya mbwa. Nao una masharti yake, uwe mkubwa kuliko mdomo usiweze kuingia wote, uwe unabonyea ukiugandamiza kwa ukucha kidogo (ukiwa mgumu kama jiwe unavunja meno), usiachiwe mbwa peke yake, na siku unapoanza kumeguka ndiyo siku yake ya kwenda jalalani. Lakini gunzi halina masharti, akasema, gunzi hapewi tu.

Ningeishia hapo kama siyo simu ya Jumanne. Mama alinipigia, sauti imelainika, Simba kaamka, kapewa maji kijiko kijiko. Akaniambia, "Nimemgombeza dada yako wa Dar, nimemgombeza mpaka kalia. Nimemwambia mavitu yake ya dukani yangeniulia mbwa wa baba yake. Na wewe usijilaumu sana, ulimpa kitu cha zawadi, ungejuaje."

Na mimi nikajibu, "Asante mama."

Mnaona? Mara ya pili. Hii mara sikusema uongo, nilinyamaza tu, na kunyamaza kulikuwa rahisi kupita kiasi. Kile kikopo kilikuwa mezani kwangu. Mpemba aliisikia simu yote, hakusema kitu, alikichukua kile kikopo akakigeuza gunzi likatazama upande wangu. Yule jamaa ana njia zake.

Simba alirudi nyumbani Alhamisi, kavalishwa ndoo ndogo iliyokatwa kitako shingoni ili asilambe nyuzi, anagonga kila mlango. Chakula wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Tuliambiwa siku ya tatu mpaka ya tano baada ya upasuaji ndizo za hatari, mshono wa ndani unaweza kuachia, kwa hiyo akitapika au akipoa ghafla turudi mbio. Nililala sebuleni na Simba siku hizo zote. Mama akafika Ijumaa jioni, hakuja ndani kwanza, alichuchumaa ugani na mizigo begani akamkumbatia Simba na ndoo yake.

Nikaenda nikamletea kile kikopo. Akakigeuza geuza.

"Hili gunzi nani kampa?"

"Mimi mama. Ijumaa ile ile. Ndilo lililoziba. Mpira ungeweza kutoka wenyewe."

Mama hakufoka. Ningependa angefoka. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu taratibu kimoja kimoja, akatoa simu kwenye mkoba, akatafuta namba, akanipa. "Mwambie wewe mwenyewe."

Dada wa Dar alipokea akidhani ni mama. Nilipomaliza kusema alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kaka, nililia ofisini mbele za watu." Nikaomba msamaha. Akasema sawa. Sijui kama ni sawa kweli, hatujaonana bado, anakuja Pasaka.

Nyuzi zimetolewa wiki iliyopita, siku ya kumi na mbili. Tesiti nimepata 7 kati ya 20, hiyo tutaongea siku nyingine. Mama kanirudishia hela za washkaji zote, aliyetoa mia tano naye kapewa mia tano yake. Mfupa wa bluu wenye kichwa kimoja uko juu ya kabati sebuleni, pembeni ya picha ya mzee, sijui kwa nini mama hautupi na siulizi. Mahindi ya kuchoma tunakulia barabarani kule kule, magunzi tunamwachia mwenye jiko awashie moto.

Jana asubuhi Simba alikamatwa upande wa Mpemba wa uwanja, kandambili ya Mpemba iko mdomoni. Tumeipata, tumeunganisha vipande vyote juu ya sakafu. Imetimia.